Mpiganaji wa Mezani: Njia Nne za Kumuunda, na Anayefaa Kila Moja

Jumamosi moja ya mvua za Aprili tulikuwa sita sebuleni South B, birika la chai katikati ya meza na mandazi kwenye sinia. Mchezo tuliokuwa tukiujaribu, wa mezani ambapo kila mtu anaigiza mhusika mmoja wa hadithi na dadu huamua kama kitendo chake kimefaulu, ulikuwa wangu, niliouandika usiku baada ya usiku. Zamu ya mpiganaji ikafika. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyemcheza, akasema, “Anko, nampiga.” Akarusha dadu: 14, amempata. Akarusha ya madhara: 6. Basi. Hata nusu dakika haikuisha. Ikaja zamu ya mganga, ikala dakika tano nzima, watu wote wameinamia ramani wakishauriana kama ukuta wa moto uwashwe mbele ya daraja au nyuma yake. Mpwa wangu akachukua simu. Zamu yake iliporudi akaiweka chini, akasema tena, “Nampiga,” akaichukua.

Iliniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyefika wa kwanza siku ile, akiwa amemchora mpiganaji wake kwa penseli, na kovu shavuni. Sheria zangu hazikumpa nafasi ya kumwigiza yule aliyemchora.

Tangu hapo nimejaribu kumuunda mpiganaji kwa njia nne tofauti, kwenye meza tofauti, na watu tofauti. Kama nawe unaandika mchezo wako, au unachagua mchezo wa kuwachezesha rafiki zako na umekwama hapo kwa mpiganaji, nimeziweka njia hizo pamoja ili uone ipi inaifaa meza yako.

Maneno mawili kwanza. Anayeendesha mchezo namwita mtambaji, neno lile lile tulilosoma kwenye fasihi simulizi, maana kazi ni ile ile: anasimulia na hadhira inaitikia, ila hapa hadhira inaibadilisha hadithi. Anayetumia nguvu za kiajabu namwita mganga. Neno mchawi kwetu ni shutuma, na wapo waliopoteza maisha kwa kuitwa hivyo. Sipendi kuliweka mezani kama jina la kujivunia.

Tatizo lenyewe

Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hii wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na aina tatu tu za wahusika: mpiganaji, mganga na kasisi. Kuanzia hapo, kila mganga anapopanda ngazi, yaani hatua za ukuaji wa mhusika kadiri anavyocheza, anapata jambo jipya la kufanya: kuruka, kusoma mawazo, kugeuka panya. Mpiganaji anapata zaidi ya kile alichokuwa nacho jana. Anapiga vizuri zaidi, anapiga mara nyingi zaidi, anachelewa kufa. Wabunifu wengi wamejaribu kulirekebisha hili kwa zaidi ya miaka 50 sasa, na kila jaribio limehamisha kitu kimoja: mahali uamuzi wa mpiganaji unapokaa.

Unaweza kuuweka kwenye karatasi yake kabla mchezo haujaanza. Unaweza kuuweka kwenye orodha ya mbinu. Unaweza kuuweka mdomoni mwake, aseme analotaka. Au unaweza kuuweka pale aliposimama, kati ya adui na wenzake. Hizo ndizo njia nne.

Vigezo

Nimezipima zote kwa mambo matano. La kwanza ni muda wa zamu. Meza zetu za Nairobi huanza saa nane mchana na kuvunjika saa moja jioni, kwa sababu mtu wa Kahawa Wendani na mtu wa Umoja wanataka kupanda matatu kabla mvua haijapandisha nauli. Wachezaji watano wakichukua dakika tatu kila mmoja, raundi moja ni dakika 15, na vita vya raundi tano vimekula saa nzima na robo kabla hujahesabu zamu za adui, ambao mtambaji ndiye anayewachezesha.

La pili ni mgeni: mtu ambaye hajawahi kuona dadu ya pande 20 ataanza kucheza baada ya muda gani? La tatu ni mzigo wa mtambaji. La nne, mpiganaji ana nini cha kufanya pasipokuwa na vita? La tano, anakuwaje akipanda ngazi?

Mpiganaji wa namba

Huyu ndiye wa asili. Unampa uwezo mkubwa wa kumpata adui, uhai mwingi na mapigo ya ziada. Mfano mzuri wa siku hizi ni Champion, aina mojawapo ya mpiganaji wa Dungeons & Dragons ya toleo la tano, mwaka 2014: akifika ngazi ya 3, dadu ikionyesha 19 au 20 ni pigo kuu, yaani dadu za madhara zinarushwa maradufu, wakati wengine hungoja 20 peke yake. Ngazi ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, ya 11 mara tatu, ya 20 mara nne.

Zamu yake ndiyo fupi kuliko zote. Tazama hesabu. Upanga wa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3 hutoa wastani wa madhara 7.5. Kama anampata adui mara 65 kwa 100, kila pigo lina thamani ya karibu 4.9. Pigo la pili linaongeza hicho hicho tena. Lile pigo kuu la 19 linaongeza 0.2 tu hivi kwa kila pigo, yaani karibu hakuna. Lakini kwa mwenye mapigo mawili, nafasi ya kuona pigo kuu katika zamu moja inatoka kama 10% na kufika 19%, na pigo kuu likitokea meza yote inapiga kelele. Jifunze hapo: ukitaka awe na nguvu, mwongezee pigo, ukitaka afurahi, mpanulie pigo kuu. Ni vitu viwili, na mimi nilivichanganya kwa muda mrefu.

Kwa mgeni hakuna kinachomshinda huyu. Shemeji yangu alikuja kumchukua mke wake, akaketi kungoja mvua ipungue, na baada ya dakika kumi alikuwa na karatasi ya mhusika na ameshaua fisi wawili. Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja, shilingi 10 kwenye saiba, na nusu yake imebaki tupu.

Mtambaji naye anapumua. Hakuna sheria ya kutafuta katikati ya vita.

Nje ya vita, huyu ana shida. Mbele ya liwali au kwenye soko lenye fununu, namba zake hazisemi. Na akipanda ngazi pengo kati yake na mganga linakua. Michezo ya zamani ilikuwa na dawa ambayo naiheshimu: katika toleo la Dungeons & Dragons liitwalo Advanced, la mwaka 1978, mpiganaji wa ngazi ya 9 aliweza kujenga ngome na kuvuta wafuasi. Upanga haukubadilika, bali yeye alipata watu wa kuwalisha na mipaka ya kulinda, na hapo akawa na maamuzi.

Dawa ya pili nimeitoa nyumbani. Luanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda. Hakuhitaji mbinu yoyote. Kinachoifanya mighani yake isahaulike kwa shida ni kivuli chake, mahali pekee alipoweza kuumizwa, na adui waliolazimika kuitafuta siri hiyo hadi ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo ukichagua njia hii, mpe mpiganaji wako kivuli. Mwandikie udhaifu mmoja wa kweli, anaoujua yeye na mtambaji, na utaona ataanza kuamua: nisimame wapi, nimwamini nani, niende vitani jua likiwa wapi.

Anamfaa mtu aliyechoka na kazi ya wiki na aliyekuja kwa ajili ya watu na hadithi. Wapo wengi, na furaha yao si ndogo kuliko ya wengine.

Mpiganaji wa mbinu

Hapa unampa orodha ya mbinu na kitu cha kuzilipia. Battle Master, aina nyingine ya mpiganaji wa toleo lile lile la mwaka 2014, huchagua mbinu tatu kati ya 16 akifika ngazi ya 3, na ana dadu nne za pande 8 za kutumia. Akitumia dadu moja anampiga adui na pia kumwangusha, kumpokonya silaha, kumsukuma au kumtisha. Akipumzika saa moja kwenye hadithi, dadu zote zinarudi.

Kwangu sikutumia dadu. Nilimpa kila mpiganaji vifuniko vinne vya soda, vile vile tunavyochezea drafti. Mbinu nikaziita kwa majina yetu: Mtama, Kumbo, Chenga, Pokonya, Kinga. Sikutarajia jinsi jambo hilo dogo lingefanya kazi. Mchezaji akisema “Mtama!” na kusukuma kifuniko katikati ya meza, kila mtu anausikia ule mkwaruzo wa bati kwenye mbao, na kila mtu anamwona adui miguu juu. Hakuna aliyeuliza Mtama ni nini. Watoto wa mtaani wote tumepigwa mtama.

Zamu inarefuka, ila si sana ukifuata hekima moja ya Battle Master: mbinu zake nyingi zinaamuliwa baada ya kuona kwamba pigo limempata adui. Mchezaji hapotezi kifuniko kwa pigo lililokosa, na hakai akiwaza kabla ya kurusha. Nilipojaribu kinyume chake, alipe kwanza ndipo arushe, watu walivikumbatia vifuniko vyao hadi vita vikaisha navyo mkononi.

Mgeni anaweza mbinu tatu. Hawezi 16. Ziandike kwenye vipande vya manila, kimoja kwa kila mbinu, umpe tatu, zile nyingine uzifungie kwenye bahasha.

Mtambaji anapata sheria zilizo wazi, hivyo mabishano hupungua. Lakini lazima achunge idadi ya vita. Mbinu zinazorudi kwa kupumzika zinategemea kuwe na vita viwili au vitatu kabla ya mapumziko. Sisi tunaokutana mara moja kwa mwezi huwa na vita kimoja kikubwa, na mpiganaji humwaga vifuniko vyote vinne raundi ya kwanza. Kama meza yako iko hivyo, mrudishie kifuniko kimoja kila adui anapoanguka.

Kuna hasara ambayo haionekani mpaka umecheza muda: ukishaandika Mtama kwenye orodha, kasisi anaamini kwamba yeye hawezi kumtega mtu mguu. Orodha inayomfungulia mmoja inawafungia wengine. Andika waziwazi kwamba yeyote anaweza kujaribu, na kwamba mpiganaji ndiye afanyaye hivyo huku akiumiza.

Nje ya vita, mbinu za upanga hazisaidii isipokuwa umeruhusu vifuniko vitumike kwingine, kama kung'oa mlango, kutuliza umati au kuvumilia usiku wa baridi. Mimi nimeruhusu na sijajuta. Kuhusu ngazi za juu, Battle Master ana kasoro ya kuepuka: orodha ni ile ile tangu mwanzo, kwa hiyo ngazi ya 15 unachagua kutoka kwa zile ulizozikataa ngazi ya 3. Wewe gawa orodha yako. Ziwepo mbinu ambazo mtu wa ngazi ya 3 anaziona kwa mbali tu akizitamani.

Anamfaa mpenda bao na drafti, mtu anayefurahia kuhesabu kilichobaki na kungoja wakati wake.

Mpiganaji wa kitendo huru

Dungeon Crawl Classics, mchezo mwingine wa aina hii uliotoka mwaka 2012, ulifanya jambo la ujasiri. Badala ya nyongeza ya kudumu, mpiganaji hupewa dadu ya ziada anayorusha pamoja na ile ya pande 20. Matokeo yake yanaongezwa kwenye shambulio na kwenye madhara pia. Kabla ya kurusha anatangaza kitendo chochote: naruka juu ya meza nimkate kamba ya taa imwangukie, nampiga kidole kilichoshika ufunguo. Akimpata adui na ile dadu ya ziada ikaonyesha 3 au zaidi, kitendo kimefanyika.

Ngazi ya kwanza dadu hiyo ni ya pande 3, na hiyo unaipata kwa dadu ya ludo: 1 na 2 ni moja, 3 na 4 ni mbili, 5 na 6 ni tatu. Maana yake nafasi ni theluthi moja, na ukichanganya na uwezekano wa kumkosa adui kabisa, kitendo kinafanikiwa karibu mara moja kwa zamu tano. Ni kidogo, na wachezaji wapya hukata tamaa. Ngazi ya 5 dadu ni ya pande 7 na nafasi imeshapita 70%. Kwenye mchezo wangu nilianza na dadu ya pande 4, yaani nusu kwa nusu, na ari ya meza ikabadilika siku hiyo hiyo.

Nikifikiria njia hii namfikiria Fumo Liyongo. Adui zake walimwalika kula makoma kwa kikoa, kila mtu akwee mkoma kwa zamu aangulie wenzake. Walipanga kumfuma mishale atakapokuwa juu. Zamu yake ilipofika hakukwea. Alichukua upinde wake akayaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Hebu uliza: ni namba gani, au mbinu ipi kwenye orodha, ingemruhusu kufanya hivyo? Alitumia ustadi wa vita kutegua mtego wa karamu, bila kumgusa mtu. Na ni Liyongo huyo huyo aliyekuwa malenga na mcheza gungu. Mpiganaji wa pwani yetu hakuwahi kuwa mkono wa upanga peke yake, na ndiyo maana njia hii nina mapenzi nayo, ingawa ndiyo iliyonipa taabu zaidi.

Taabu yenyewe iko kwa mtambaji. Kila zamu anaombwa kuamua: je, hili linawezekana? Madhara yake ni nini? Mchezaji wangu mmoja alitangaza kumtoboa zimwi macho, akafanikiwa, na tangu siku hiyo kila adui ilikuwa ni macho, macho, macho. Nikakataa, akanuna, na alikuwa na haki ya kununa kwa sababu wiki iliyotangulia nilikubali. Sasa nina maswali mawili ninayouliza kila mara: unafanya nini, na ni kitu gani cha hapa kinachokuwezesha? Kitendo lazima kishike kitu kilichopo mahali hapo, kama tope, pazia, ngazi iliyooza au hasira ya adui. Halafu adui walionusurika hujifunza; wa pili huja amevaa kofia ya chuma.

Wageni hunishangaza kwenye njia hii. Watoto huielewa papo hapo. Wanaopata shida ni watu waliozoea michezo ya kompyuta, ambao huangalia karatasi yao wakitafuta kitufe. Wape mifano mitatu iliyoandikwa, kisha uwaache.

Zamu hutegemea mtu: anayejua anachotaka humaliza kwa dakika moja, mwenye haya huganda. Nje ya vita huyu ndiye tajiri kuliko wote wanne, mradi umruhusu kurusha dadu yake huko pia. Na akipanda ngazi hahitaji sheria mpya. Dadu inakua, na ulimwengu anaougusa unakua nayo.

Anamfaa msimulizi wa kuzaliwa, na meza inayomwamini mtambaji wake. Pasipo imani hiyo, usiijaribu.

Mpiganaji mlinzi

Toleo la nne la Dungeons & Dragons, mwaka 2008, lilimpa mpiganaji kazi yenye jina: kulinda. Akimshambulia adui anamtia alama, na adui huyo akijaribu kumpiga mtu mwingine anapunguziwa 2 kwenye shambulio. Akiwa karibu na mpiganaji na bado akamgeukia mwingine, anapigwa papo hapo. Mchezo mwingine, Pathfinder ya toleo la pili, mwaka 2019, haukuchukua alama ile, lakini mpiganaji wake huanza ngazi ya kwanza akiwa na pigo la kumwadhibu adui anayesogea au kushughulika na kitu kwa mikono karibu naye.

Liyongo tena. Alipochomwa sindano ya shaba kitovuni alitoka akapiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, akafa akiwa vile vile. Watu wakakosa maji kwa siku kadhaa, kila mmoja akiogopa kusogea. Hakupiga pigo hata moja. Kusimama kwake kulitosha. Mlinzi mzuri mezani huwa hivyo: adui anabadilisha njia kwa sababu yupo.

Kwa upande wa muda, zamu yake ni ya wastani, lakini faida yake kubwa iko kwenye zamu za wengine. Anafuatilia kila hatua ya adui kwa sababu wakati wowote anaweza kusema, “Huendi popote.” Simu haichukuliwi.

Gharama yake ni ramani. Bila miraba hujui nani yuko karibu na nani. Sisi tunatumia karatasi za grafu za shule zilizounganishwa kwa selotepu, adui ni vifuniko vya soda, na aliyetiwa alama anavishwa raba ya kufungia noti, ile nyembamba ya rangi. Bila raba, mtambaji husahau alama raundi ya pili, na mchezaji anaona kazi yake imepuuzwa. Mgeni anaelewa wazo la kulinda haraka. Sheria zake za nani amesogea lini ndizo humchukua kipindi kizima. Nje ya vita hana zaidi ya yule wa namba. Akipanda ngazi hudumu vizuri, ila adui wanaoruka au wanaopiga kutoka mbali humwacha amesimama peke yake, kwa hiyo panga maadui wako ukilijua hilo. Na kama wachezaji ni wawili tu, hana wa kumlinda.

Anamfaa yule ambaye hata kwenye mpira wa mtaa aliomba namba nne mgongoni.

Kuchanganya

Njia hizi si kuta. Namba na kitendo huru hukaa pamoja bila kugombana: karatasi fupi, mdomo wazi. Mbinu na ulinzi pia huchanganyika. Toleo la mwaka 2008 lilifanya hivyo, likampa mpiganaji mbinu za kila zamu, za mara moja kwa vita na za mara moja kwa siku. Wachezaji wengi walilalamika kwamba sasa anafanana na mganga, maana wote walikuwa na orodha ya umbo moja. Nami nilihisi hivyo. Mtu akiuliza kwa nini Kumbo inawezekana mara moja tu kwa siku, huna jibu ndani ya hadithi. Mbinu na kitendo huru ndizo nisizoweza kuzioanisha. Nilijaribu mara tatu, na kila mara orodha ilipokuwa mezani hakuna aliyebuni kitu.

Jambo la karatasi kwa anayetaka kuuza au kugawa mchezo wake: mwaka 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, na unaweza kuzitumia na kuzibadilisha ukitaja zilikotoka. Ndani yake yumo Champion. Battle Master hayumo, kwa hiyo mbinu zako ziandike kwa maneno yako mwenyewe. Huo si mzigo. Ni nafasi ya kuandika Mtama.

Kwa hali yako

Mnakutana mara chache, kila mara na uso mpya, na mnamaliza kabla ya giza: anza na namba, na usisahau kumpa kivuli.

Watu wale wale wanne, kila wiki, wanaopenda kukumbushana nani alicheza vipi: mbinu, vifuniko vinne, vita viwili au zaidi kwa kikao.

Mtambaji wako ni mwepesi wa kuitikia na haogopi kusema “ndiyo, lakini”: kitendo huru, dadu ya pande 4. Kama mtambaji ni mgeni kwenye kazi hiyo, mwache akomae kwanza na njia nyingine.

Kuna mganga dhaifu na kasisi mnyonge, meza ni kubwa na mnapenda ramani: mlinzi. Stima zikipotea mara kwa mara kwenu, fikiria tena, kwa sababu miraba haisomeki vizuri kwa tochi ya simu, lakini kitendo huru huchezeka hata gizani.

Mna mtu anayechukua simu kila zamu: usimbadilishie mhusika kabla ya kumjaribisha. Mimi nilifanya hivi. Nilichora daraja moja na zimwi moja juu yake, nikampa mpwa wangu mpiganaji yule yule mwenye kovu, akapigana na zimwi hilo mara nne, kila mara kwa njia tofauti, kama dakika kumi kila moja. Sikumuuliza alipenda ipi. Niliandika tu alichosema kila zamu ilipofika kwake. Kwa namba alisema “Nampiga.” Kwa mbinu alisema “Ngoja kidogo.” Kwa ulinzi alisema “Asogee aone.” Kwa kitendo huru alinyamaza kwanza, akaitazama ile picha yake ya penseli, kisha akauliza, “Anko, hili daraja limeshikiliwa na nini?”

Jirani yangu nilimjaribisha hivyo hivyo, kwenye daraja hilo hilo, akachagua namba na hajawahi kuiacha. Sasa wanakaa upande mmoja wa meza, kila mmoja na mpiganaji wake.